Posho ya Mshono: Uhakiki wa Istilahi za Ushonaji wa Magauni ya Zamani

Katika kazi ya kutunza lugha tumezoea kuelekeza macho kwenye istilahi za sheria, utawala, sayansi na hesabu, tukidhani kwamba lugha ya chumba cha cherehani inajitosheleza yenyewe. Dhana hiyo si sahihi. Hivi karibuni tuliletewa karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya darasa la ushonaji wa magauni ya zamani. Karatasi hiyo iliambatana na kigezo cha gauni la Kimarekani la mwanzoni mwa miaka ya 1950, kilichorudufiwa kwa vipimo vyake vya asili. Mwanafunzi mmoja alifuata maelekezo neno kwa neno, akakata wari nne za kitambaa alichokinunua kwa fedha yake mwenyewe, na alipomaliza hakuweza kulivaa gauni lake. Mwalimu aliyetuletea karatasi hakuuliza kosa ni la nani. Aliuliza tu: Kiswahili hiki ni Kiswahili gani?

Swali hilo ndilo tunalojaribu kulijibu hapa. Hatutamtaja mfasiri wala chuo, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si ya mtu mmoja. Ni mazoea yaliyoenea miongoni mwetu sote tunaofasiri tukiwa na kamusi mkononi na bila fundi ubavuni.

1. Kitu chenyewe

Si vyema kuhakiki jina kabla ya kukijua kitu. Biashara ya kuuza vigezo vya nguo vya karatasi vyenye saizi mbalimbali ilianzishwa na fundi Ebenezer Butterick huko Sterling, Massachusetts, mwaka 1863. Kabla ya hapo mshonaji wa nyumbani alilazimika kukuza au kupunguza vipimo kwa akili yake. Vigezo vya mwanzo vilikuwa karatasi nyembamba zisizo na maandishi, zilizotobolewa matundu makubwa na madogo; kila mpangilio wa matundu ulikuwa na maana yake. Katika miaka ya 1920 kampuni ya McCall ikaanza kuuza vigezo vilivyochapishwa mistari na maneno, lakini hata mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwapo kampuni zilizoendelea na utaratibu wa matundu.

Vigezo hivyo vinabeba historia ya nyakati zake. Uingereza iligawa nguo kwa kuponi kuanzia Juni 1941 hadi Machi 1949, na amri za serikali zikapunguza marinda, vifungo na mifuko. Marekani nayo iliweka mipaka ya matumizi ya kitambaa mwaka 1942. Kwa sababu hiyo gauni la mwaka 1943 ni jembamba na fupi, si kwa kupenda kwa mbunifu bali kwa uchache wa kitambaa. Mnamo Februari 1947 Christian Dior alionyesha Paris sketi pana zilizomeza kitambaa kingi, na mtindo wa muongo uliofuata ukageuka. Mwaka 1952 Butterick walitoa kigezo cha gauni la kujifunga ambalo kipande chake chembamba cha mbele hufungwa nyuma, na sketi yake pana huzungushwa kutoka nyuma na kufungwa mbele. Gauni hilo limependwa hata kampuni ikakitoa upya kigezo chake, kwa saizi za siku hizi.

Siku hizi watu wengi wa Ulaya na Marekani, na baadhi ya wanafunzi wa mitindo huku kwetu, hushona magauni hayo kwa vigezo vilivyorudufiwa. Hapo ndipo mfasiri anapoitwa.

2. Neno la kwanza: kigezo

Neno la Kiingereza 'pattern' lina maana mbili zilizo mbali. Kwanza ni karatasi ya kukatia nguo. Pili ni mapambo yanayojirudia juu ya kitambaa. Mfasiri wetu alitumia neno moja, ruwaza, kwa maana zote mbili. Akaandika: 'Panga ruwaza ili ruwaza zilingane mishononi.' Sentensi hiyo ina ruwaza mbili na haina maana hata moja. Alilokusudia ni hili: panga vigezo ili mirabamiraba ya kitambaa ikutane mishononi.

Ruwaza ni neno zuri, na wanaisimu wamelitumia vyema kwa mpangilio unaojirudia. Liachwe huko. Kwa mapambo ya kitambaa tunayo maua, miraba, mistari na nakshi, kila moja kwa mahali pake. Kwa karatasi ya kukatia tunalo neno kigezo, litokanalo na kitenzi -geza, yaani kuiga na kulinganisha kitu na kingine. Watumishi wa serikali leo hulijua kigezo katika 'vigezo na masharti', wakasahau kwamba kabla ya kuwa sharti la zabuni lilikuwa kipimo cha mkononi. Kulirudisha kwenye meza ya fundi ni kulipeleka nyumbani.

Hatuna budi kukiri kwamba sisi wenyewe tulipoanza kuisoma karatasi hii tulipendelea kielelezo. Fundi mmoja tuliyemwomba ushauri alitukatiza: 'Kielelezo nakitazama, kigezo nakilaza juu ya kitambaa.' Hatukuwa na jibu, wala hatujalipata.

3. Makosa matano ya kamusi

Katika karatasi hii yapo makosa matano ya aina moja: mfasiri alikutana na neno la kawaida lenye maana ya kiufundi, akachukua maana ya kawaida.

La kwanza ni posho ya mshono. Kila mtumishi anajua posho ni nini, na kila mshonaji anajua kwamba kitambaa hakisafiri kikazi. Kinachotajwa ni ule ukingo unaoachwa nje ya mstari wa kushonea ili mshono usifumuke na ili nguo iweze kupanuliwa baadaye. Mafundi husema 'acha akiba'. Akiba ya mshono ni istilahi kamili. Zaidi ya jina, mfasiri alipaswa kueleza kama akiba hiyo imo ndani ya kigezo au itaongezwa, na ni ya upana gani. Vigezo vya Marekani vya siku hizi kwa kawaida huweka sehemu tano za nane za inchi, karibu sentimita moja na nusu. Vingi vya zamani viliweka nusu inchi. Tofauti hiyo ni ndogo katika mshono mmoja, lakini katika gauni lenye mishono sita hukusanyika na kuonekana kiunoni.

La pili ni urahisi. Karatasi yasema: 'Urahisi wa kifua ni inchi tatu.' Hakuna msomaji wa Kiswahili awezaye kuelewa. Maana yake ni kwamba gauni lililokamilika linauzidi mwili kwa inchi tatu kifuani, ili mvaaji apumue, akae na kuinua mikono. Mafundi wetu huita nafasi: 'Niachie nafasi kidogo.' Kwa nini tuandike kinyume cha tunavyosema?

La tatu ni upendeleo. 'Kata utepe wa shingo kwa upendeleo.' Hapa mfasiri alichukua neno la mahakamani na la waamuzi wa michezo. Kiswahili kina neno la kale na kamili: hanamu. Kukata hanamu ni kukata kwa mshazari, kukatiza nyuzi badala ya kuzifuata. Kitambaa kilichokatwa hanamu hunyumbuka na kuufuata mwili. Mbunifu wa Kifaransa Madeleine Vionnet alijipatia sifa katika miaka ya 1920 na 1930 kwa magauni yaliyokatwa hivyo. Utepe wa hanamu hulala vizuri penye mviringo wa shingo; uliokatwa wima hukunjamana. Wanafunzi wa darasa lile, wasijue upendeleo ni nini, walikata tepe zao wima, na shingo zote zikakunjamana.

La nne ni nafaka. 'Laza kigezo kwa kufuata nafaka.' Neno la Kiingereza kweli hutumika kwa punje za ngano, lakini pia kwa mwelekeo wa nyuzi katika kitambaa na katika ubao. Wafumaji wetu walikuwa na mtande, nyuzi zinazotandikwa kwa urefu, na mshindio, nyuzi zinazopitishwa kwa upana. Kigezo hulazwa kwa kufuata mtande. Maneno mawili, na maana haipotei.

La tano ndilo lililoleta madhara makubwa zaidi: mshale. Mfasiri aliita hivyo ule mkunjo uliochongoka unaoshonwa kifuani na kiunoni ili kitambaa bapa kifuate umbo la mwili. Bahati mbaya kampuni iliyokirudufu kigezo ilikichapia mishale ya kweli, ionyeshayo mwelekeo wa mtande. Hivyo agizo la 'kunja na kushona mishale yote' lilimwelekeza mwanafunzi kukunja kitambaa mahali ambapo hapakupaswa kuguswa. Tunapendekeza mbano: mbano wa kifua, mbano wa kiuno. Mafundi wenye neno jingine lililokwisha kuzoeleka watuandikie. Kitu kisichokubalika ni kutumia jina moja kwa alama mbili zilizo juu ya karatasi moja. Hali kadhalika yale matundu ya kigezo yaitwe vitobo, ili yasichanganywe na matundu ya vifungo, jambo ambalo karatasi hii imelifanya mara mbili.

4. Namba isiyofasiriwa

Mtu anaweza kusema kwamba namba haihitaji mfasiri. Gauni la mwanafunzi wetu lilikwama kwa sababu ya namba. Bahasha iliandikwa saizi 14, na mfasiri akaandika saizi 14. Katika vigezo vya Marekani vya mwanzoni mwa miaka ya 1950 saizi 14 ilikuwa ya kifua cha inchi 32. Baadaye katika muongo huo ikawa inchi 34. Baada ya mabadiliko ya mwishoni mwa miaka ya 1960, saizi hiyo hiyo ikawa ya inchi 36. Namba haikubadilika, mwili unaotajwa ulibadilika kwa inchi nne.

Katika karatasi ya Kiingereza palikuwa na jedwali la vipimo. Katika tafsiri jedwali limeondolewa, tunaambiwa, ili kuokoa nafasi. Pia imeondolewa aya inayomshauri mshonaji ashone kwanza gauni la kujaribia kwa kitambaa rahisi. Kuacha aya mbili kuliokoa nusu ukurasa, kukapoteza wari nne za kitambaa. Tunasema bila kificho kwamba huo si ufasiri. Mfasiri hana mamlaka ya kuamua ni onyo lipi msomaji hatalihitaji.

Vipimo vya kitambaa navyo vinadai uangalifu. Maelekezo ya zamani yalidhani kitambaa chenye upana wa inchi 35 au 39, ilhali vitambaa vingi madukani leo vina upana wa inchi 45 au 60. Kuandika 'wari nne' bila kutaja upana ni kutoa nusu ya kipimo. Wari moja ni sentimita 91 na kidogo. Wari nne ni kama meta 3 na sentimita 66. Mfasiri aweke vipimo vyote viwili, cha asili kwanza na cha meta baadaye, asikadirie.

5. Kuukuu, kongwe, au zamani?

Neno 'vintage' latokana na mavuno ya zabibu. Mvinyo hutajwa kwa mwaka wa mavuno yake, na kutoka hapo neno likahamia kwenye vitu vyenye thamani ya wakati wake. Mfasiri aliandika magauni makuukuu. Kuukuu ni kitu kilichochakaa kwa kutumika. Mwenye gauni la hariri la mwaka 1938, lililotunzwa sandukuni, akiitwa mwenye gauni kuukuu ametukanwa. Kongwe lina heshima, lakini humwelekea zaidi mtu, mti na jengo. Kale huturudisha mbali mno. Mitumba ni nguo zilizovaliwa na wengine, ziwe za mwaka juzi au za miaka sitini iliyopita. Linataja njia ya biashara, si umri.

Tatizo halimo katika kivumishi peke yake. Karatasi inachanganya vitu vitatu: gauni lililoshonwa zamani na kubaki hadi leo, gauni jipya lililoshonwa kwa kigezo cha zamani, na kigezo chenyewe. Tunapendekeza vazi la zamani kwa la kwanza, na vazi la mtindo wa zamani kwa la pili, na inapowezekana mwaka utajwe: gauni la mwaka 1952, gauni la mtindo wa mwaka 1952. Kwa kigezo, itofautishwe kati ya kigezo kilichorudufiwa, ambacho vipimo vyake vimebaki kama vilivyokuwa, na kigezo kilichorekebishwa, ambacho saizi zake zimelinganishwa na za siku hizi. Kama neno 'kilichorudufiwa' lingeandikwa mahali pake katika ukurasa wa kwanza, na maana yake ikaelezwa, mwanafunzi angechukua futikamba kabla ya kuchukua mkasi.

6. Maneno yaliyokuwamo katika kanzu

Malalamiko yetu makubwa ni haya: mfasiri alihangaika kutafuta maneno ambayo bibi na babu zetu waliyatumia kila siku. Ushonaji wa kanzu katika pwani yetu ulikuwa na msamiati wake, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 imehifadhi sehemu yake. Kipande cha mbele au cha nyuma huitwa badani. Mfasiri wetu aliandika 'mwili wa gauni', kisha akalazimika kuandika 'mwili wa mvaaji' kila alipotaka kutofautisha. Vipande vya ubavuni huitwa taharizi. Kitambaa kinachowekwa ndani ya shingo kuitegemeza huitwa kaba. Mfasiri aliandika 'kitambaa cha kukabili'. Kipande kidogo cha kwapani kinachompa mvaaji uhuru wa kuinua mkono ni kikwapa, na hicho ndicho hasa kinachohitajiwa na magauni ya miaka ya 1950 ambayo mikono yake imekatwa pamoja na badani. Kitambaa cha ndani ni bitana. Upindo ni ukingo uliokunjwa na kushonwa chini, tusiuchanganye na pindo la khanga, ambalo ni mapambo ya ukingoni.

Hata gauni la kujaribia lina jina linalotungoja. Washonaji wa Marekani huliita kwa jina la kitambaa rahisi cha pamba linaloshonwa nacho. Sisi tulikuwa na kitambaa cha namna hiyo hiyo, kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem katika karne ya 19. Wenyeji wakakiita merikani. Jimbo lile lile lililotoa kigezo cha karatasi ndilo lililotupatia neno. Gauni la merikani, basi, ni gauni la kujaribia, na mzee yeyote wa pwani atalielewa kabla hatujamaliza kulieleza.

7. Hoja za upande wa pili

Haifai kuhakiki bila kusikiliza. Yapo mambo ambayo mfasiri huyu ameyafanya vizuri. 'Piga bandi kabla ya kupitisha cherehani' ni sentensi safi. Marinda ameyaita marinda. Hatua zimehesabiwa, na vitenzi vyake vinaagiza waziwazi bila kuzungukazunguka.

Aidha, kuna hoja nzito dhidi yetu. Mafundi wetu wengi hawatumii kigezo cha karatasi. Hupima mwili, huchora kwa chaki juu ya kitambaa na kukata. Kwa hiyo msamiati wa karatasi haukuwa na sababu ya kuzaliwa, na si halali kudai kwamba kila neno lipo, limefichwa tu. Twakubali. Alama za kulinganishia vipande, ngazi za saizi katika karatasi moja, na maagizo ya kukuza kigezo yatahitaji maneno mapya. Hoja nyingine ni kwamba vijana hawaijui taharizi wala kaba. Hiyo nayo ni kweli. Lakini hawaujui vilevile 'upendeleo' wa kitambaa. Kama neno lolote litafundishwa darasani, heri lifundishwe lile lenye maana. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari tunaweka mbele ya wasomaji istilahi hizi zijadiliwe:

Kigezo: karatasi ya kukatia nguo.
Kigezo kilichorudufiwa: nakala yenye vipimo vya asili.
Kigezo kilichorekebishwa: kigezo cha zamani chenye saizi mpya.
Akiba ya mshono: ukingo unaoachwa nje ya mstari wa kushonea.
Nafasi: kiasi ambacho vazi linauzidi mwili.
Hanamu: mkato wa mshazari.
Mtande: nyuzi za urefu, kigezo hulazwa kwa kuufuata.
Mbano: mkunjo uliochongoka wa kufuata umbo.
Kitobo: tundu la alama katika kigezo.
Badani, taharizi, kaba, kikwapa: kama katika kanzu.
Gauni la merikani: gauni la kujaribia.
Mshono: mahali vipande viwili vilipounganishwa. Tunajua kwamba mitaani mshono ni mtindo wa nguo, na hatutaki kuwazuia watu. Lakini katika maelekezo ya kazi, mtindo uitwe mtindo.

Orodha hii haijakamilika wala haijapitishwa. Tunawaomba walimu wa ushonaji waijaribu darasani na kutuandikia ni neno lipi lililokwama. Wafasiri tunawaomba jambo moja tu: kabla ya kupeleka karatasi kwa mpiga chapa, waisome kwa sauti mbele ya fundi mwenye mkasi mkononi. Akisita, wasimlaumu fundi. Warudi kwenye sentensi.

Kuhusu mwanafunzi yule, mwalimu ametuarifu kwamba gauni halikutupwa. Lilifumuliwa mishono ya ubavuni, likatiwa taharizi za kitambaa kingine pande zote mbili, na sasa lamtosha. Nusu inchi ya akiba ndiyo iliyowezesha.